Ni Nani Apandishaye Bei ya Shamba?

Barabara ya lami inapokaribia kijiji, wanunuzi wa mashamba hufika kabla ya mkandarasi. Huja wawili au watatu, huketi barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji, huulizia afya za watoto na hali ya mvua, kisha hutamka neno lililowaleta: eka moja hapa huuzwa shilingi ngapi? Hutajiwa bei ya mwaka uliopita. Hawabishani. Fedha hulipwa siku ile ile, karatasi huandikwa, mashahidi hutia sahihi au dole gumba, na mkulima hurudi nyumbani na kitita ambacho hajapata kukishika tangu azaliwe. Miaka michache baadaye barabara hupita, na eka ile ile, yenye udongo ule ule na vichuguu vile vile, huuzwa kwa bei iliyozidi ile ya kwanza mara kadhaa. Mkulima aliyeiuza sasa hulima juu yake kama kibarua.

Kisa hiki hakihitaji kutajiwa jina la kijiji, kwani hutokea pembezoni mwa kila mji unaokua. Wengi wakikisikia husema kwamba mkulima yule ni mjinga aliyeuza mali kwa bei ya kutupa. Jibu hilo ni jepesi mno. Halimfai mtumishi wa umma, ambaye kazi yake ni kupanga na kusimamia, wala mwalimu, ambaye kazi yake ni kueleza sababu za mambo. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: ile tofauti ya bei ilitoka wapi, na imekwenda mfukoni mwa nani?

Rutuba na Bei ya Mazao

Hapana budi kuanza na udongo wenyewe. Mwaka 1817 David Ricardo, mwanauchumi wa Uingereza, alieleza jambo ambalo hata leo halijapingwa kwa hoja ya nguvu. Na yachukuliwe mashamba matatu yaliyo sawa kwa ukubwa na kwa gharama za kilimo. La kwanza hutoa gunia 18 za mahindi, la pili gunia 12, la tatu gunia 8 ambazo hutosha tu kurudisha gharama na ujira wa aliyelima. Shamba la tatu halimwachii mwenyewe ziada yoyote. La pili humwachia gunia 4. La kwanza gunia 10. Ziada hiyo ndiyo mzizi wa bei ya shamba. Mnunuzi anapotoa fedha hanunui udongo. Hununua haki ya kuipokea ziada hiyo mwaka hata mwaka.

Kutokana na hapo hufuata fundisho la pili: bei ya mazao ndiyo inayoinua bei ya shamba, wala si kinyume chake. Ushahidi wake upo Tanga. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Mashamba yakatandaa Muheza na Korogwe, kando ya reli iliyofika Moshi mwaka 1911. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, bei ya katani ilipanda sana duniani, na mwenye shamba la mkonge akahesabiwa kuwa tajiri. Katika miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni na nyuzi nyingine za viwandani, bei ikaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufikia hata tani 40,000. Udongo wa Korogwe haukuwa umebadilika, na jua na mvua vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu waliokuwa mbali sana na Korogwe, ambao waliacha kununua kamba za katani. Shamba lililokuwa mali likawa pori.

Rutuba nayo si kazi ya Mungu peke yake. Kihamba cha mgomba na kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro kina thamani kwa sababu vizazi vya wakulima vilichimba mifongo ya kuteremsha maji, vikabeba samadi na kupanda miti ya kivuli. Huo ni jasho uliohifadhiwa ardhini, na haki ya aliyelitoa haina ubishi. Katika pwani desturi ililitambua jambo hili zamani: minazi na mikorosho iliweza kuwa mali ya mtu na kuuzwa, huku nchi iliyoishika miti hiyo ikibaki kuwa ya ukoo au ya mji. Aliyenunua alilipia kazi ya mikono.

Umbali na Barabara

Hata hivyo, rutuba haielezi kisa cha kijiji kilichofikiwa na lami, maana rutuba haikuongezeka. Hapa msaada unatoka kwa Johann Heinrich von Thünen, Mjerumani aliyekuwa na shamba lake mwenyewe na ambaye mwaka 1826 alichapisha kitabu kuhusu uhusiano wa kilimo na umbali wa soko. Alionyesha kwamba mashamba mawili yenye rutuba moja hutofautiana thamani kwa kadiri ya gharama ya kufikisha mazao mjini.

Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu wa darasa la saba anaweza kuiandika ubaoni. Eka moja hutoa gunia 12 za mahindi. Mjini gunia huuzwa shilingi 60,000. Njia ikiwa ya matope, gharama ya kusafirisha gunia moja ni shilingi 15,000, kwa hiyo mkulima hubakiwa na shilingi 45,000 kwa gunia, yaani shilingi 540,000 kwa eka. Akitoa gharama za kilimo pamoja na ujira wake na wa familia yake, jumla shilingi 480,000, ziada ni shilingi 60,000. Sasa barabara imejengwa na gharama ya usafiri imeshuka hadi shilingi 5,000 kwa gunia. Mkulima hupata shilingi 660,000, na ziada yake imekuwa shilingi 180,000. Hakuongeza jembe wala mbolea. Ziada imeongezeka mara tatu kwa sababu ya barabara tu.

Na barabara hiyo imejengwa na nani? Imejengwa na mwalimu wa Kasulu aliyekatwa kodi katika mshahara wake, na mvuvi wa Kilwa aliyelipa tozo katika kila lita ya mafuta ya mashine ya mtumbwi. Wote hao hawatapita katika barabara hiyo hata siku moja. Ndivyo ilivyo kwa nguzo za umeme, kisima, zahanati na shule ya sekondari. Kila kitu cha umma kinachowekwa kijijini huacha alama katika bei ya ardhi inayokizunguka. Bei hiyo ni jasho la taifa zima lililokusanyika mahali pamoja.

Riba na Matarajio

Ziada ya mwaka hugeuka kuwa bei kwa njia ya riba. Mwenye fedha hujiuliza: nikiziweka fedha hizi mahali pengine zitanizalia kiasi gani? Ikiwa mahali pengine hupatikana asilimia 12, basi shamba lenye ziada ya shilingi 60,000 lina thamani ya shilingi 500,000, na lenye ziada ya shilingi 180,000 lina thamani ya shilingi 1,500,000. Riba ikishuka hadi asilimia 6, bei hiyo ya pili huruka hadi shilingi 3,000,000 bila gunia moja kuongezeka. Na fedha inapopoteza thamani, kama ilivyokuwa katika miaka ya 1980 ambapo mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 30 kwa mwaka, wenye fedha za mjini huzikimbiza na kuzificha mashambani. Hawakusudii kulima. Hutia vigingi na kungoja.

Hapo ndipo matarajio yanapoingia. Mnunuzi hulipia ziada ya leo pamoja na ile anayoiona mbele: mji utakapofika, reli itakapopita, shamba litakapogeuzwa viwanja. Mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na tena mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huko kwa vitendo, bei ya mashamba ya pembezoni ilifuata tangazo kabla ya jengo lolote kusimama. Matarajio yaweza pia kudanganya. Bei ya mafuta ya petroli ilipopanda sana hadi mwaka 2008, kampuni za kigeni zilikuja kutafuta ardhi ya kulima mbono ili kukamua mafuta ya mitambo. Kisarawe pekee mradi mmoja ulipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji kadhaa. Ilipofika mwaka 2011 mradi ulikuwa umekwama na vibarua wameachishwa kazi. Ardhi iliyokwisha kuhaulishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla haikurudi kijijini yenyewe kwa sababu tu mwekezaji ameshindwa. Ndoto ilikufa, lakini mauzo yakabaki.

Sheria na Hati

Nguvu ya tano inayoipa ardhi bei ni sheria, na hapa historia ya nchi hii ina somo lake. Amri ya Wajerumani ya tarehe 26 Novemba, 1895 ilitangaza ardhi yote iliyodaiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola ya Ujerumani. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliifanya ardhi kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza kwamba wenyeji waanze kumilikishwa ardhi moja kwa moja na milele, Mwalimu Julius Nyerere aliandika makala aliyoiita Mali ya Taifa kuupinga mpango huo. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hakuiumba ardhi. Kilicho chake ni kazi aliyoifanya juu yake. Na ardhi ikiachwa iuzwe kama shati, wachache wenye fedha wataichukua, na walio wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iligeuza umilikaji wa milele kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99.

Hatari aliyoiona haikuwa ya kubuni. Katika nchi jirani ya Kenya, mpango wa kuwapa wakulima eka milioni moja za walowezi ulioanza mwaka 1962 uliendeshwa kwa kununua. Walowezi walilipwa bei ya ardhi ambayo wengi wa wazee waliona imechukuliwa bure, na mkulima aliyepewa shamba alianza maisha ya uhuru akiwa na deni shingoni.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa wote. Kanuni ya kwamba ardhi tupu haina bei ilikuwa na upande wake wa pili. Kwa miaka mingi aliyehamishwa ili kupisha mradi alilipwa fidia ya nyumba na miti tu. Wenye akili ya biashara waliuziana ardhi kwa kisingizio cha kuuziana kibanda na miembe miwili, huku mkulima asiyejua kisingizio hicho akiondoka na thamani ya miembe miwili kweli. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda mnyonge ikawa pia njia ya kumpunja.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoteuliwa mwaka 1991, ilizunguka nchini kusikiliza malalamiko ya wananchi. Mwezi Desemba, 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba kazi ya mtu juu ya ardhi yake yastahili fidia ya haki hata pasipokuwa na jengo. Kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zikakiri kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba anayenyang'anywa hupaswa kulipwa fidia kamili, ya haki na ya haraka. Ardhi ilibaki kuwa ya umma chini ya udhamini wa Rais, lakini haki ya kuitumia ilitambuliwa kuwa na bei. Kijiji kilichopimwa, ambacho watu wake wana hati za hakimiliki ya kimila, huuza au kukodisha kwa sauti tofauti na kijiji kinachoweza kuambiwa kesho kwamba mpaka wake haujulikani. Hofu ya kunyang'anywa hushusha bei kuliko ukame.

Dhiki ya Muuzaji

Rutuba, umbali, riba, matarajio na sheria huweka kiwango ambacho bei yaweza kufika. Bei inayolipwa hasa hukatwa na nguvu ya sita, nayo ni hali ya wawili wanaokutana. Mkulima huuza mwezi Februari, ghala likiwa tupu, au mgonjwa akiwa hospitalini, au mtoto amepata nafasi ya chuo. Mnunuzi hana haraka. Mkulima anajua bei ya mwaka jana. Mnunuzi ameiona ramani ya mwaka kesho. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini katika soko la ardhi humjua sana, na humfuata saa ya njaa yake.

Madhara hayaishii kwa muuzaji huyo mmoja. Sheria husema kwamba fidia ikadiriwe kwa bei ya soko. Mthamini anapofika kijijini hutafuta soko hilo katika mauzo yaliyokwisha kufanyika. Akikuta eka chache zilizouzwa kwa dhiki, au karatasi zilizoandikwa bei ndogo kuliko iliyolipwa ili kukwepa ushuru, hiyo ndiyo bei atakayoiona. Kwa njia hii njaa ya nyumba moja ya mwezi Februari hugeuka kuwa kipimo cha haki ya kijiji kizima. Jirani ambaye hakuuza hata hatua moja ya shamba lake atalipwa kwa bei iliyowekwa na dhiki ya mwenzake.

Na ni nani huyu mwenye ramani ya mwaka kesho? Hapa ndipo neno linapokuwa zito. Mara nyingi huyo si bepari kutoka ng'ambo. Ni mtumishi aliyeuona mchoro wa barabara mezani pake. Ni mjumbe wa kikao kilichojadili mahali pa kujenga chuo. Ni ofisa aliyetumwa kupima, akarudi Jumamosi kununua. Pengine ni mwalimu mwenye heshima kijijini, ambaye mkulima alimwomba amsomee karatasi ya mauziano, naye akaisoma bila kusema anachokijua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya viongozi. Miiko hiyo ililegezwa mwaka 1991, na sheria ya maadili ya mwaka 1995 ikawataka viongozi watangaze mali zao. Lakini hakuna sheria inayoweza kuingia ndani ya kichwa cha mtu na kuifungia habari aliyoipata kwa kazi ya umma. Kuinunua eka ya mkulima kwa habari hiyo ni kuchukua jasho la aliyejenga barabara na la aliyelima shamba kwa mkupuo mmoja.

Yapasayo Kutendwa

Dawa si kumkataza mkulima kuuza. Aliye na mgonjwa hawezi kuambiwa angoje mwaka kesho. Dawa ni kuhakikisha kwamba bei inajulikana, na kwamba kuuza si njia pekee.

Kwanza, mipango ya umma itangazwe kijijini siku ile inapopitishwa. Mchoro wa barabara ubandikwe katika ofisi ya kijiji kabla haujafika kwa madalali. Habari ikiwa ya wote, faida ya kuwa na habari hutoweka.

Pili, kila kijiji kiwe na daftari la mauzo na ukodishaji wa ardhi, lenye bei halisi, linalosomwa mbele ya mkutano mkuu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo litamwongoza muuzaji, na litampa mthamini soko la kweli badala ya soko la njaa.

Tatu, halmashauri za vijiji zitumie madaraka ziliyopewa na sheria. Uhamishaji wa ardhi ya kijiji hupita mikononi mwao, na ardhi inayotakiwa kuhaulishwa kuwa ardhi ya jumla haina budi kufikishwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri wa kijiji haukutengenezwa kupamba karatasi. Anayetaka ardhi kubwa akodishiwe kwa muda maalumu na kwa kodi inayopitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, ili barabara itakapopandisha thamani, sehemu ya thamani hiyo ibaki kijijini.

Nne, sehemu ya ongezeko linaloletwa na kazi za umma irudi kwa umma kupitia kodi ya ardhi, hasa kwa ardhi iliyonunuliwa na kuachwa pori ikingojea bei. Anayelima asibebeshwe mzigo. Anayengoja ndiye atozwe.

Tano, mwalimu aifundishe hesabu hii. Mtoto anayeweza kukokotoa riba anaweza pia kukokotoa kwamba shamba la babaye lina thamani gani barabara ikija. Jioni ile mgeni atakapoketi barazani na kuuliza bei, ni heri awepo mtoto mwenye daftari na kalamu, na kando yake mtumishi wa umma ambaye amekwisha kueleza kila anachokijua.

Bei ya shamba huandikwa na wengi: aliyefyeka pori, aliyelipa kodi, aliyechora barabara, aliyetunga sheria. Ni dhuluma iliyo wazi kwamba aliyefika wa mwisho, akiwa na ramani mfukoni, ndiye aivune peke yake.